Kupanga kipaumbele na kufuatilia vifaa kwenye ruta ya Wi-Fi ya nyumbani

Faiba ya Mbps 20 inatosha mkutano wa video, televisheni moja na simu za watoto kwa wakati mmoja. Zoom ya watu wawili kwa picha ya 720p hula takribani Mbps 1.2 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Hata hivyo mtu yuko kwenye usaili wa kazi, mdogo wake chumba cha pili anaanza kupakua mchezo, na sauti inakatikakatika mpaka msaili anaomba waahirishe. Hapo wengi hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi, na baada ya wiki malalamiko ni yaleyale. Kasi ilikuwepo tangu mwanzo. Data za usaili zilikwama nyuma ya data za mchezo, kwenye foleni ambayo ruta haikuamriwa kuisimamia.

Mwongozo huu ni wa kuisimamia foleni hiyo na kujua nani yumo ndani yake. Andaa ruta yako, kompyuta moja, waya wa mtandao, karatasi na kalamu. Hiyo karatasi usiidharau, maana nusu ya kazi hii ni kuandika.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa chochote

Unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Fungua fast.com, ngoja namba itulie, kisha bonyeza kitufe cha maelezo zaidi. Utapata kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na muda wa kuchelewa wa aina mbili: mtandao ukiwa umepumzika, na mtandao ukiwa umebanwa. Andika namba zote nne pamoja na saa uliyopima. Rudia asubuhi, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni.

Macho ya watu huenda kwenye kasi. Yako yaelekeze kwenye ule muda wa kuchelewa. Kama mtandao uliopumzika unajibu kwa milisekunde 20 na ukibanwa unajibu kwa 400, umeuona ugonjwa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake G.114, linaeleza kuwa mazungumzo huenda vizuri sauti isipochelewa zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Namba ya fast.com ni ya kwenda na kurudi, kwa hiyo ukianza kuona 300 na zaidi, watu watakuwa wanaongea kwa kugongana.

Kuchelewa huko kunatoka wapi? Kila kifaa cha mtandao kina kumbukumbu ndogo ya kuweka data zinazosubiri zamu. Chukua laini inayopakia kwa Mbps 4, na modemu yenye kumbukumbu ya KB 256. Kumbukumbu hiyo ikijaa picha zinazopanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, data mpya itakayofika italazimika kusubiri karibu nusu sekunde kabla ya kutoka. Mhandisi Jim Gettys alilifuatilia tatizo hili mwaka 2010 akianzia kwenye mtandao wa nyumbani kwake, na ndiye aliyelifanya lijulikane kwa jina la bufferbloat. Ukitaka kusoma zaidi, tafuta kwa jina hilo.

Kisha fanya kipimo cha pili, ambacho kitakuokolea muda mwingi. Nenda na kompyuta kwenye chumba kinacholalamikiwa, ukitumia Wi-Fi, ufungue dirisha la amri na uandike `ping`, amri inayopima muda wa kujibiwa, ikifuatwa na anwani ya ruta yako, kwa mfano `ping 192.168.1.1`. Baada ya hapo andika `ping 8.8.8.8`, ambayo ni anwani ya seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Fanya hivyo wakati mtu mwingine anapakua kitu kikubwa. Ruta ikijibu kwa milisekunde chache huku 8.8.8.8 ikijibu kwa mamia, foleni iko kwenye mlango wa kutokea nje, na hatua ya 5 ndiyo dawa. Ruta yenyewe ikijibu kwa mamia, au ikikosa kujibu kabisa mara kwa mara, foleni iko hewani, ndani ya nyumba. Hiyo inatibiwa na hatua ya 4. Hizi ni foleni mbili tofauti, na ukitibu moja nyingine haiponi.

Hatua ya 2: Ingia kwenye ruta

Anwani ya kuingilia huwa imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. TP-Link nyingi hutumia 192.168.0.1 au tplinkwifi.net, MikroTik hutumia 192.168.88.1, na ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu hutumia 192.168.8.1. Kibandiko kikiwa kimefutika, andika `ipconfig` kwenye Windows na utazame mstari wa "Default Gateway". Namba iliyopo hapo ndiyo mlango.

Ukishaingia, badilisha nywila ya msimamizi wa ruta kama bado ni ile iliyokuja nayo kutoka dukani. Usiiache kwa kesho. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, na Oktoba ya mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuiangusha huduma ya kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki.

Ukiwa humohumo, zima WPS ya namba za siri, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila ya Wi-Fi. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba namba hiyo ya tarakimu nane hukaguliwa kwa vipande viwili, kiasi kwamba mvamizi anahitaji kujaribu mara 11,000 tu badala ya mamilioni. Chagua WPA2 au WPA3 kwa ulinzi wa Wi-Fi.

Hatua ya 3: Jua kila kifaa kilichomo

Tafuta ukurasa wenye jina linalofanana na "Clients", "Connected Devices", "DHCP Client List" au "Network Map". Utakuta orodha: jina la kifaa, anwani ya IP, na anwani ya MAC, ambayo ni jozi sita za herufi na namba, mfano 3C:84:6A:10:22:9F. Baadhi ya majina yataeleweka mara moja. Mengine yataandikwa "Unknown" au "android-" ikifuatwa na mkia wa namba.

Karatasi inaanza kazi hapa. Nakili orodha yote, kisha zunguka nyumbani ukizima Wi-Fi ya kifaa kimoja kimoja, na kila mara ufungue orodha upya uone nani ametoka. Andika jina la mwenye kifaa mbele ya anwani yake: simu ya Baba, kishikwambi cha Neema, televisheni ya sebuleni, kamera ya getini. Baadhi ya ruta huendelea kuonyesha kifaa saa kadhaa baada ya kuondoka, kwa sababu anwani yake bado imewekewa akiba. Kama orodha haibadiliki, tazama ukurasa wa takwimu za Wi-Fi, ambao huonyesha walio hewani sasa hivi.

Jozi tatu za mwanzo za anwani ya MAC humtambulisha mtengenezaji, na tovuti nyingi zitakutafutia jina ukiziandika. Lakini kuna kitu kinachowachanganya wengi. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya MAC ya bandia kwa kila mtandao, ili mwenye simu asifuatiliwe anapopita huku na huko. Unaweza kuitambua kwa jicho tu: tazama herufi ya pili ya anwani nzima. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo imetungwa na kifaa na hutampata mtengenezaji wake popote. Kwa hiyo 5A:1F:… ni simu ya mtu aliyejificha kihalali, haina maana kwamba kuna mwizi.

Kwa kifaa unachotaka kukipa kipaumbele, uficho huo uzime, kwenye mtandao wa nyumbani pekee. Kwenye iPhone gusa alama ya maelezo kando ya jina la Wi-Fi, kisha "Private Wi-Fi Address". Kwenye Android fungua mtandao huo, uingie sehemu ya faragha, uchague anwani halisi ya kifaa. Usipofanya hivyo, siku simu itakaposahaulishwa mtandao na kuunganishwa upya inaweza kuja na anwani nyingine, na sheria zako zote zikabaki zinamngoja mtu aliyehama.

Halafu ipe kompyuta ya kazi anwani ya IP isiyobadilika, kupitia ukurasa wa "Address Reservation" au "Static DHCP". Unaoanisha MAC na IP, basi.

Ukikuta kifaa ambacho hakuna mtu nyumbani anayekitambua, usihangaike na orodha ya kuzuia MAC. Anwani ya MAC hubadilishwa kwa dakika moja na kila anayejua pa kugusa. Badilisha nywila ya Wi-Fi, uwape upya watu wako, na yule asiyejulikana atabaki nje.

Na majirani je? Nyumba zetu nyingi ni za kushirikiana. Mpangaji kijana akibisha hodi, "Shikamoo mama, naomba neno la siri la Wi-Fi," mama mwenye nyumba hatamnyima, wala simshauri amnyime. Washa mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za sasa zinao, uupe jina na nywila yake. Mgeni anapata intaneti bila kuiona printa, kamera wala kompyuta zako, na ruta nyingi hukuruhusu kumwekea kikomo cha kasi. Siku ukibadilisha nywila ya wageni, vifaa vya nyumbani havisumbuki.

Kwenye mtandao huohuo wa wageni peleka kamera za bei rahisi na visanduku vya televisheni vya Android visivyo na jina la maana. Mwaka 2023 watafiti wa usalama waligundua visanduku vilivyotoka kiwandani vikiwa tayari na programu hasidi iliyoitwa BADBOX, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kwa umma kuhusu toleo lake jipya. Kisanduku cha namna hiyo hukodisha intaneti yako kwa watu usiowajua. Dalili yake utaiona kwenye takwimu: kinapakia data usiku wa manane, televisheni ikiwa imezimwa.

Hatua ya 4: Panga hewa

Wi-Fi ni hewa moja, na kwenye chaneli moja anaongea mmoja kwa wakati. Kifaa kilicho mbali huongea polepole, na kikiongea polepole kinawaweka wote kusubiri. Kipande cha data cha baiti 1,500 kinachukua takribani milisekunde 2 kwa kasi ya Mbps 6, na milisekunde 0.04 kwa Mbps 300. Hiyo ni tofauti ya mara 50. Simu moja iliyo nje kwenye baraza, ikishika mawimbi kwa shida, inaweza kula muda wa hewa wa vifaa vyote vya sebuleni, hata kama inachopakua ni kidogo.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia kipaumbele, punguza msongamano. Kila kitu kisichohama kiunge kwa waya: televisheni, kompyuta ya mezani, kisanduku cha michezo. Kila kimoja kinachoondoka hewani ni zawadi kwa waliobaki. Kompyuta ya mikutano na simu za karibu ziweke kwenye masafa ya 5 GHz, na vilivyo mbali vibaki kwenye masafa ya 2.4 GHz. Kwenye 2.4 GHz tumia upana wa 20 MHz na chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Programu ya kupima Wi-Fi kwenye simu ya Android itakuonyesha majirani wamejazana wapi.

Kuta nazo zina neno. Nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu au Mombasa zina kuta nene mno, na 5 GHz haitoki chumba kimoja kwenda cha pili. Humo usipoteze fedha kununua ruta yenye antena nyingi. Vuta waya mmoja hadi upande wa pili na uweke kituo kingine cha Wi-Fi huko.

Sasa WMM. Ni utaratibu wa kipaumbele cha hewani, uliotokana na kiwango cha Wi-Fi cha 802.11e. Hugawa data katika makundi manne: sauti, video, za kawaida, na zile zisizo na haraka. Kundi la sauti husubiri muda mfupi zaidi kabla ya kujaribu kuongea, na hivyo hushinda mara nyingi. Utakikuta kisanduku cha WMM kwenye mipangilio ya ndani ya Wi-Fi, na kazi yako ni moja: hakikisha kimewashwa. Kuna ushauri wa zamani unaozunguka mitandaoni wa kukizima ili kuongeza kasi. Usiufuate. Kiwango cha 802.11n na vilivyokuja baada yake vinahitaji WMM, na ukiizima vifaa vingi hurudi kwenye kasi ya zamani isiyozidi Mbps 54.

WMM inafanya kazi kati ya ruta na vifaa vyako tu, na inategemea programu kuzitia data zake alama. Data zikishavuka kwenda kwa mtoa huduma, alama hizo mara nyingi hupuuzwa. Ndiyo maana nyumba inaweza kuwa na WMM imewashwa na bado usaili ukakatika.

Hatua ya 5: Hamishia foleni kwenye ruta yako

Ukisoma hatua moja tu, soma hii.

Kipaumbele kina maana pale tu penye foleni. Asiye na foleni hana cha kupanga. Ruta yako inaweza kutuma data kwa modemu ya faiba kwa Mbps 1,000, lakini laini yako kwenda nje ni Mbps 10. Ruta inamwaga kila kitu bila kusubiri, na msongamano unatokea mbele, kwenye modemu au kwenye mitambo ya mtoa huduma, ambako amri zako hazifiki. Hata ukiandika sheria mia za kipaumbele, ruta haina foleni ya kuzitumia.

Dawa ni kuiambia ruta kwamba laini ni ndogo kidogo kuliko ilivyo. Ikijibana yenyewe chini ya uwezo wa laini, foleni inajengeka ndani yake, na hapo inaweza kumtanguliza inayemtaka.

Rudi kwenye karatasi. Chukua kipimo cha usiku, kile kidogo kuliko vyote. Tuseme kilikuwa Mbps 18.4 kupakua na Mbps 9.2 kupakia. Zidisha kila kimoja kwa 0.9: unapata karibu 16.5 na 8.3. Fungua ukurasa wa "QoS" (mipangilio ya kipaumbele) au "Bandwidth Control", washa huduma, na ujaze namba hizo kwenye nafasi za kasi ya jumla. Soma kipimo kilichoandikwa kando ya kisanduku kabla ya kuhifadhi. Penye kbps utaandika 16500 na 8300. Ukiandika 16 mahali pa kbps, nyumba nzima itadhani intaneti imekufa.

Watu husita hapa. Wanauliza kwa nini watupe asilimia kumi ya kasi waliyoilipia. Ninajibu kwa kipimo, si kwa maneno: hifadhi, rudi fast.com, upime tena ule muda wa kuchelewa mtandao ukiwa umebanwa. Ukishuka kutoka 400 hadi 50, hutaikumbuka ile Mbps moja na ushei. Usiposhuka, punguza tena mpaka asilimia 85. Ukishuka vizuri, jaribu kupanda hadi asilimia 95 na upime. Upande wa kupakia ndio wa kuhangaikia zaidi. Kwa kawaida ni mdogo, na ukibanwa hata kupakua kunakwama, kwa sababu kila unachopakua kinahitaji risiti ndogo zirudi kwa aliyetuma.

Baada ya hapo ndipo unateua wa kutangulizwa. Kwenye TP-Link nyingi za aina ya Archer kuna orodha ya vifaa yenye swichi ya kipaumbele mbele ya kila kimoja, na kwenye baadhi unachagua muda: saa moja, mbili, nne, au daima. Kwenye Asus kuna kuburuta makundi kama michezo, mikutano na kupakua, kuyapanga juu au chini. Ruta za zamani hutaka uandike IP, na ndiyo sababu tuliifunga ile anwani.

Ushauri wangu ni kutanguliza vifaa viwili, kwa wingi vitatu: kompyuta ya kazi, ile ya masomo, na simu ya mezani ya intaneti kama ipo. Ukitanguliza kila kitu, hujatanguliza chochote. Na usiitangulize televisheni. Watu hufikiri video ndiyo inayohitaji msaada, lakini Netflix na YouTube hupakua sekunde nyingi mbele na kuzihifadhi. Zinaweza kusubiri bila mtazamaji kujua. Mazungumzo ya ana kwa ana hayana akiba ya aina hiyo.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye laini za kasi kubwa: ruta nyingi za bei nafuu zinapowashwa QoS huacha kutumia njia ya mkato ya chipu na kupitisha kila kitu kwenye kichakataji kikuu. Kwenye laini ya Mbps 20 au 50 hutahisi. Kwenye Mbps 200 na kuendelea, kasi inaweza kushuka mno kwa sababu ruta imezidiwa. Linganisha vipimo kabla ya kuamua.

Kama ruta yako inakubali OpenWrt

Hapa ndipo kazi inapopendeza. OpenWrt ni mfumo huria wa ruta, na ndani yake kuna SQM, programu ya kusimamia foleni, ambayo kwa maoni yangu inashinda takribani QoS zote za kiwandani. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa mbinu iitwayo CoDel mwaka 2012, inayotazama data imesubiri muda gani kwenye foleni badala ya kuhesabu foleni ina urefu gani. Kutoka hapo ikazaliwa fq_codel, iliyoandikwa kama RFC 8290, waraka wa viwango vya intaneti, mwaka 2018, na CAKE, mbinu nyingine ya foleni iliyoingia kwenye Linux 4.19 mwaka huohuo. CAKE inaweza kugawa zamu kwa haki kati ya vifaa kwanza, halafu kati ya shughuli za kila kifaa. Simu iliyofungua miunganisho thelathini ya kupakua haimzidi nguvu mwenye mmoja. Nyumba nyingi zikishaweka CAKE hazihitaji tena orodha ya kipaumbele.

Kabla ya kuiweka, tafuta muundo wa ruta yako kwenye jedwali la vifaa la OpenWrt, pamoja na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kibandiko, kama "v2" au "v5". Ruta mbili zenye jina moja na matoleo tofauti zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa, na ukiweka faili isiyo yake ruta inaweza isiwake tena. Kisanduku cha faiba cha mtoa huduma kiache kama kilivyo. Weka ruta yako nyuma yake.

Mfumo ukishakaa, sakinisha `luci-app-sqm`. Fungua "Network", kisha "SQM QoS", uchague mlango unaotoka nje, ujaze 16500 na 8300, uchague `cake` na `piece_of_cake.qos`, na kwenye sehemu ya tabaka la laini uchague Ethernet na uweke 44 kwenye nafasi ya baiti za ziada kwa kila kipande cha data. Ili ugawaji kwa vifaa ufanye kazi nyuma ya ruta, fungua mipangilio ya ziada na uandike `nat dual-dsthost ingress` upande wa kupakua na `nat dual-srchost` upande wa kupakia. Hifadhi, kisha upime.

Kwa wanaotumia ruta ya laini ya simu

Ruta ya 4G ina shida yake: kasi ya mnara hupanda na kushuka kila dakika. Ukijaza kikomo cha Mbps 16 na mnara ukashuka hadi 6, foleni imehama tena kwenda kwa mtoa huduma na kipaumbele chako kimelala. Chagua kikomo kwa kutumia kipimo cha usiku kilicho kibaya zaidi, ukubali kwamba mchana utakuwa na kasi ya ziada usiyoitumia. Kabla ya yote isogeze ruta dirishani, upande unaoelekea mnara, na upime tena.

Kwa mwenye bando la GB, kufuatilia vifaa kuna uzito kuliko kipaumbele. Ishike hesabu hii: Mbps 1 ikienda mfululizo kwa saa moja ni MB 450. Kamera inayotuma Mbps 1 mtandaoni mchana na usiku inamaliza GB 10.8 kwa siku, peke yake, bila mtu kuitazama. Iambie irekodi kwenye kadi yake na itume tu inapoona mwendo.

Hatua ya 6: Kufuatilia siku hadi siku

Tafuta ukurasa wa "Traffic Statistics" au "Traffic Monitor". Kwenye OpenWrt sakinisha `luci-app-nlbwmon`, itakuhesabia kila kifaa kimepakua na kupakia kiasi gani. Tazama mara moja kwa wiki, hasa safu ya kupakia. Kifaa cha kawaida cha nyumbani hupakua zaidi ya kinavyopakia. Ukiona kinyume, uliza kwa nini. Mara nyingi jibu ni picha zinazopanda Google Photos au iCloud, au akiba ya WhatsApp, ambayo kwenye Android hupandishwa kwa kawaida saa nane usiku. Hizo hazina ubaya. Zipange zifanyike usiku, na usaili wa mchana utapumua.

Umeme ukikatika na kurudi, ruta nyingi huamka zikiwa zimesahau tarehe mpaka zipate saa kutoka mtandaoni. Kumbukumbu zenye tarehe ya miaka iliyopita hazimaanishi kuna aliyeingia. Weka saa za eneo kuwa UTC+3 ili ratiba zako za watoto na kipaumbele zifuate saa ya hapa.

Na watu wa nyumbani waambie kwamba unafuatilia. Ruta haisomi ujumbe wa WhatsApp wala kilichomo ndani ya ukurasa wenye HTTPS, lakini huona kifaa kimetumia data saa ngapi, kiasi gani, na mara nyingi jina la tovuti. Hiyo inatosha kujua mengi kuhusu mpangaji, dada wa kazi au kijana wa miaka kumi na sita. Tumia takwimu kutafuta kifaa kinachokaba laini. Mtoto akilalamika, "Mama, Wi-Fi yangu imeganda," mweleze ni ratiba ya kulala uliyoiweka, usimwache adhani simu yake imeharibika.

Mwisho wa yote, ingia "Backup" kwenye mipangilio ya mfumo, upakue faili ya usanidi wako na uiweke pamoja na picha ya ile karatasi ya majina na anwani. Ukisasisha programu ya ruta baadaye, na usasishe kila toleo la usalama linapotoka, baadhi ya miundo hufuta kila kitu. Faili hiyo itarudisha anwani na vikomo vyako kwa dakika chache, kisha utawasha upya WMM na QoS endapo zimezimika, na kupima fast.com saa tatu usiku.